Adan, Usilale Kisimani

Mwanangu Adan,

Assalamu alaikum. Nakusalimu kwa karatasi ilhali umelala chumba cha pili, na ukuta wa udongo tu ndio unaotutenga. Nakusikia ukijigeuza kitandani. Sanduku lako limefungwa kamba, liko mlangoni. Lori la kukupeleka mlimani linaondoka Garissa kabla jua halijachomoza, na mimi sitapata nafasi ya kusema nawe peke yetu. Baba yako atakuwa amesimama pale na fimbo yake, mkeo Halima atakuwa analia, na mimi mbele za watu hujifanya mkavu, unanijua. Naandika kwa herufi za Kiarabu za chuoni, zile nilizokufundisha mwenyewe kwa mkaa juu ya ubao, basi usije ukasema hukuweza kuzisoma.

Sitakuambia uchemshe maji wala uvae sweta. Wewe ndiwe dresa wa serikali, mwenye sindano na bandeji, na tangu uvae ile kanzu nyeupe umekuwa ukinifundisha mimi namna ya kunawa mikono. Nina neno moja tu, nalo ni la nyumba.

Leo tukila ulitupa habari kwa furaha. Ulisema, "Hoyo, mama yangu, wamenipa nichague. Kuna nyumba ya mawe, bati juu, iko hapo hapo kisimani karibu na lile jiwe kubwa lenye ufa. Ama nikajenge kibanda kwa wenyeji, ng'ambo ya laga, ule mto mkavu, nipande na kushuka kila siku." Ukacheka. "Sasa nani atachagua kibanda?"

Baba yako akasema, "Chukua ya mawe." Mimi nilikuwa nachota mchuzi. Ndugu yako Yusuf aliacha kula, akawa anatazama mguu wake. Kisha ukasema lile neno lako: "Nitawatibu tu hao watu, ingawa walimvunja Yusuf mguu kwa makusudi." Nikainuka nikisingizia moto unazimika.

Adan, nalijua jiwe lenye ufa. Nilianika nguo zangu juu yake. Nyumba hiyo ya mawe imejengwa pale pale palipokuwa jiko langu, kabla hujazaliwa. Na hilo neno "makusudi" hukuliokota njiani, ulilisikia humu ndani, nami nilikuwapo ulipolisikia, nikanyamaza. Ulikuwa mdogo, ukauliza mbona Yusuf anachechemea, baba yako akajibu ng'ombe wa Waborana waliswagwa juu yake kwa makusudi. Nilikuwa nasuka mkeka. Niliendelea kusuka.

Sasa unakwenda kulala pale, kati ya watu ambao unawaona maadui, ukiwa na jina la baba yako. Halima atakufuata akishajifungua. Nimejaribu kulala nimeshindwa.

Nisikilize basi, nikuanzie mwanzo.

Baba yako alikuwa nyapara wa watu wa barabara. Alipopelekwa mlimani, kule mbele ya Bute, alinichukua mimi na Yusuf, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutamka maneno vizuri. Mimi ni mtu wa Mto Tana, wajua. Kwetu mtu anazaliwa anasikia maji, anakufa anasikia maji. Safari ile ilikuwa nyika tupu, vumbi na miba, hata nikaanza kumchukia baba yako kwa kunioa. Tulipofika mlimani nikakuta kitu ambacho sikukijua kabisa, nacho ni baridi. Asubuhi ukungu unashuka hadi mlangoni, na meno yanagongana.

Tulikuwa na mahali patatu pa kuchagua. Juu kabisa, penye kibanda cha serikali, upepo unakata masikio na maji yako mbali chini. Ng'ambo ya laga ndiko walikokaa wenyeji, na baba yako hakupenda kukaa na watu ambao kesho atawaita kwenye kazi ya barabara. Mahali pa tatu palikuwa chini, kisimani.

Nilipoiona ile ardhi roho yangu ilirudi mahali pake. Visima vilikuwa virefu. Vijana walisimama humo ndani mmoja juu ya mwingine, wakipokezana ndoo za ngozi huku wakiimba, na maji yakimwagwa kwenye birika la udongo ili ng'ombe wanywe. Mengi yalimwagika. Pembeni kulikuwa na uwanja mpana, mweusi kwa mbolea, wenye unyevu mwaka mzima, na hapakuwa na kibanda hata kimoja wala mche wa mahindi. Mimi binti wa mkulima nikasimama pale nikasema moyoni, hawa watu ni wavivu wa kutupwa! Wana shamba kama hili na wamelikalia bure.

Baba yako alitaka tukae juu. Mimi ndiye niliyemshika shingo. Nilimwambia nikikaa juu nitakufa, nikakataa kupika siku mbili, na yeye kwa kunipenda akajenga kisimani. Ulikuwa ukidhani ni ubabe wake. La, mwanangu, mahali palikuwa chaguo langu. Nikazungusha ua wa miba, nikapanda mahindi na kunde, na kunde zile zilitoka upesi hata nikawa nawaonyesha watu wa barabara kwa kidole, nikijisifu.

Miba ile haijakauka vizuri akaja mzee mmoja, jina lake Guyo. Alikuwa mzee wa zamu. Kwa Waborana kisima hakijiendei tu, kuna mtu anayepanga leo nani anyweshe, kesho nani, na neno lake halibishwi. Alisimama nje ya ua, akaegemea mkuki wake. Nilimkaribisha chai, akainywa akiwa amesimama.

Akasema, "Mama, hapa si bahali ya kulala. Hapa njia ya ng'ombe."

Nikamjibu, "Mzee, njia iko wapi? Mimi naona patupu."

"Mchana tubu," akasema. "Usiku si tubu. Kiangazi ikikamata, ng'ombe nakuja usiku. Nanusa maji toka mbali. Hakuna mtu naweza kushika." Akanyoosha mkono ng'ambo ya laga. "Kaa bale. Mimi na vijana yangu nakata miti, nakujengea. Bure."

Nilicheka, Adan. Nilimcheka mzee wa watu mbele ya uso wake, nikamwonyesha kunde zangu. Jioni nikamweleza baba yako, naye akacheka zaidi. "Serikali naomba ruhusa kwa mchunga ng'ombe?" akasema. Tukalala vizuri usiku ule.

Na miezi ikapita bila ng'ombe hata mmoja kuja usiku. Nikawa nasema, si unaona? Yule mzee alitaka tu kututisha ili tuondoke kwenye maji yake. Mahindi yakafika kiunoni. Nilimwona Guyo mara nyingi akipita mbali na uwanja, ananiangalia, nami nikimpungia mkono kwa kejeli. Aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Kisha mvua zikakosa kunyesha. Malisho ya chini yakaisha, na wafugaji wakaanza kupanda kutoka pande za Eldas na za Takaba, watu wageni wenye ng'ombe waliokonda. Mchana visima vilikuwa na kelele mpaka sauti za waimbaji zikakauka. Baba yako alikuwa kazini, amelala huko barabarani. Mimi na Yusuf tulikuwa peke yetu, na kwa ile baridi nilikuwa namlaza jikoni, karibu na mafiga, maana hapo ndipo palipokuwa na joto.

Niliamshwa na ardhi. Sikusikia sauti kwanza, nilisikia kitanda kikitetemeka. Halafu kengele za mbao, halafu watu wakipiga kelele kwa Kiborana na kwa Kisomali, wote kwa pamoja, "Mtu! Kuna mtu hapo!" Kumbe wenyewe wageni hawakujua kuna nyumba. Njia ile waliijua tangu babu zao, na kwenye njia ile hapakuwahi kuwa na nyumba.

Hapo nilifanya jambo ambalo nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko sala zangu. Nilikimbilia jikoni nikachomoa kijinga cha moto, nikatoka mbele ya ua nikikitikisa, nikidhani nitawafukuza. Ng'ombe wa mbele wakaogopa moto, wakakata upande. Upande ule ndiko kulikokuwa na jiko.

Sitakuandikia niliyoyaona. Yusuf alikuwa hai, na mguu wake unaujua.

Wa kwanza kunifikia alikuwa Guyo, kifua wazi, anahema. Alimtoa Yusuf chini ya nguzo, akaupima mguu kwa vidole vyake, akakata vijiti, akaufunga mguu kwa ngozi mbichi kabla hata sijaacha kupiga mayowe. Wewe umesomea kazi hiyo. Daktari wa boma alipoufungua alisema bila ngozi ile wangeukata. Kisha Guyo akamlaza mtoto juu ya ngamia, akashika kamba mwenyewe, nami nikawa natembea nyuma.

Njia nzima nilimtukana. Nilimwita muuaji, nikamwambia ameleta ng'ombe zake kwa makusudi. Ndiyo, neno hilo nililitoa mimi kwanza. Alivumilia mpaka tulipopumzika kwenye kivuli cha mgunga. Akaniangalia na macho yamemwiva kwa kukosa usingizi.

"Mama," akasema, "miezi yote hii nani nazuia ng'ombe usiku? Mimi. Nabadilisha zamu ya watu wote, wote nanywesha mchana, wote nanilaumu. Kwa sababu ya mtoto yako analala bale. Hii ya leo watu wageni. Mimi nakimbia kuzuia, nashindwa."

Nilifikiri miezi ile yote niliyolala fofofo nikimcheka, naye yuko gizani na fimbo yake akiwarudisha watu wake mwenyewe kwa ajili yangu. Adan, hakuna kofi nililowahi kupigwa lililonipata kama lile.

Baba yako alipofika hospitali na kumwona Yusuf aliwaka. Nilimwambia ni ajali, lakini matusi yangu ya njiani yalikuwa yamekwisha kumfikia. Sikumwambia aliyoyasema Guyo, kwa sababu nikisema hilo itabidi nikiri na mengine, kwamba tulionywa tukacheka, kwamba kunde zangu ndizo zilizoziba njia. Basi akaenda kwa mkubwa wa boma na lile neno langu la makusudi, na askari wakatumwa. Walichukua ng'ombe wa watu, wakafunga vijana wawili, wana wa Guyo, ambao usiku ule walikuwa wakikimbia kuzuia. Mimi ningeweza kuzuia kwa sentensi moja. Tukahamishwa tukarudi Garissa, tukakuzaa wewe, na nikamwacha baba yako azeeke akiamini alimtetea mtoto wake.

Sasa unaona ninachokiogopa. Ukilala kwenye nyumba ile, kwanza hawatakuja kutibiwa, hata kama una dawa za dunia nzima. Watakuona umekaa juu ya njia yao kama mama yako. Pili, kiangazi kitarudi, maana hurudi. Bati na mawe vitawazuia ng'ombe, lakini Halima hatapika ndani ya mawe. Atajenga jiko nje kama wanawake wote, na kwa ile baridi atamlaza mtoto humo. Mbona nyumba nzuri hivyo, yenye bati, iko tupu? Hukujiuliza? Waliokaa kabla yako wameondoka, na mwenye kukupa ufunguo hakuwauliza sababu.

Nilikuwa nimekusudia kukuambia jambo la mwisho kisha nifunge karatasi: ukifika usijitaje kwa jina la baba yako, jitaje kwa la babu, waseme huyu ni Msomali fulani tu wa Garissa, upate kuanza kazi kwa amani. Nilikuwa nimeshaandika hivyo nusu ya mstari.

Nimekatizwa. Baba yako ametoka chumbani, ameona taa. Nimeificha karatasi chini ya upande wa kanga kama msichana mwenye barua ya mchumba, na uzee wangu huu! Amekaa kwenye kigoda mbele yangu.

"Wewe namwandikia mtoto?" ameniuliza.

"Ndiyo."

"Habari ya kisima?"

Nimesema ndiyo. Nilingoja anipokonye. Nilikuwa tayari kuitupa motoni kuliko kumwona ameumia.

Amesema, "Yote?"

Nikamwambia, "Yote ya upande wangu. Na mengine hata wewe hujui." Nikamsomea, Adan. Nimemsomea tangu mwanzo, na Guyo kubadilisha zamu, na vijana wawili. Ameinamisha kichwa, ameshika ndevu zake. Nimemwona mzee ghafla. Mwisho amesema, "Ndama. Umeandika ile ndama?"

Sikuwa nimeiandika. Niliiacha makusudi nisimwaibishe, na sasa yeye mwenyewe ndiye anayetaka iandikwe.

Basi naandika. Tulipokuwa tunapakia mizigo kuondoka mlimani, Guyo alikuja na mtamba mweupe, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, amemfunga kamba ya nyuzi. Vijana wake walikuwa kifungoni, ng'ombe zake wamechukuliwa, na bado alileta. Kwao mtoto akiumizwa na mifugo, mifugo humlipa, hata kosa liwe la nani. Baba yako alimfukuza. Alimwambia, "Sichukui rushwa," akampiga mtamba fimbo ya pua. Guyo aliufuta mdomo wa mnyama kwa shuka yake. Akasema, "Hii si yako, Ibrahim. Hii ya mtoto. Kama wewe nakataa, mimi nachunga." Akaondoka naye.

Baba yako anasema miaka yote hii, kila akimwona mchuuzi wa mifugo kutoka Bute hapa sokoni, humkwepa, asije akaletewa salamu. Hilo mimi sikulijua. Tumeishi chini ya paa moja, kila mtu na kisima chake.

Amesema pia, "Futa hiyo ya kuficha jina. Ataje langu, lote." Nimeifuta, utaona wino umechafuka hapo juu. Naogopa, Adan, sikufichi. Sijui watakupokea vipi. Vijana wale wawili sasa ni watu wazima wenye watoto, na kifungo hakisahauliki. Huenda ukatukanwa kwa ajili yangu kama nilivyomtukana baba yao. Ukitukanwa, tembea nyuma ya ngamia kimya, ndilo deni langu hilo na nasikitika kwamba umelirithi.

Na Yusuf yuko macho naye. Kumbe nyumba nzima haijalala ila wewe. Amesikia nikisoma. Nimemuuliza kama ana neno, akasema, akitabasamu kwa ule upande wa mdomo anaotumia akishona vifungo, "Mwambie amtazame ng'ombe wangu kama amezaa."

Kwa hiyo fanya hivi. Lori likisimama chini ya mlima, usiteremshe hata godoro. Ufunguo wa nyumba ya mawe uuache mfukoni. Uliza nyumba ya Guyo, mzee wa zamu, na kama amefariki uliza watoto wake. Ukikaribishwa chai uinywe ukiwa umesimama, mpaka waseme ukae. Sema, mimi ni Adan mwana wa Ibrahim, nyapara wa barabara, na mama yangu ni yule wa kunde. Waambie Yusuf anatembea, anaendesha cherehani kwa mguu mzima, na ana watoto. Kisha waulize ulale wapi.

Watakapokuonyesha, lala hapo.

Mama yako,
Amina